Vyungu vya Kale na Blanketi la Shangazi

Jumatatu, 4 Machi
Nimejiponza. Kikaoni, Mkuu wa makumbusho aliuliza nani anaweza kuifundisha kompyuta kutofautisha picha za vyungu vya kale na vya juzijuzi. Mjuaji, karani mwenzangu, akavuta pumzi aseme. Nikamwahi! Mkuu kasema ataangalia kazi Ijumaa, na hapohapo ataamua kama nathibitishwa kazini au nafungasha. Takwimu ninazozijua ni wastani, basi.

Jumanne, 5 Machi
Kozi ya mtandaoni inasema kompyuta hujifunza kwa mifano. Ioneshe picha nyingi, kila moja na jina lake, itajitafutia yenyewe alama za kutofautisha. Kumbe rahisi! Nimeshinda stoo nikipiga picha. Vyungu vya kale naviogopa kama mayai, kwa hiyo kila kimoja nimekilaza kwenye blanketi jekundu la shangazi. Vipya nimeviweka juu ya meza tupu. Vikipasuka, shauri yao. Shangazi ananung'unika: chungu kijifunike vizuri, yeye ajikunyate kwa baridi?

Jumatano, 6 Machi
Nimeipa mtihani wa picha ambazo haijawahi kuziona. Imepata zote! Mjuaji kauliza mbona vya kale vyote vina blanketi. Nikamjibu wivu hauna dawa. Kisha nikaenda kujificha chooni, maana nilishtuka kumjibu mtu hivyo.

Ijumaa, 8 Machi
Ole wangu! Mkuu kaja na wageni. Chungu cha kwanza, juu ya blanketi, mbele ya kamera; kompyuta ikajibu: cha kale. Makofi! Ndipo Mjuaji akaweka hapohapo kikombe chake cha plastiki chenye picha ya sungura. Cha kale, uhakika asilimia tisini na tisa. Akakiondoa, akakaa yeye. Wa kale! Mgeni mmoja akasema hapo sasa imepatia. Mkuu hakucheka. Alichukua chungu cha kale kuliko vyote, akakiweka mezani. Kipya! "Kijana," akasema, "umeifundisha kulijua blanketi." Nimepewa wiki moja ya mwisho: nipige picha upya, vyote mahali pamoja. Nyumbani shangazi kauliza, je, yeye anayejifunika blanketi hilo kila siku ni wa karne gani? Nimekimbilia jikoni kumchemshia chai.

Alhamisi, 14 Machi
Aliyeumwa na nyoka huogopa hata ung'ongo, nami nimeogopa vya kutosha. Safari hii vyungu vyote vimelala kwenye blanketi, vya kale na vipya. Sibagui! Ili nisivichanganye, vya kale nimevipiga asubuhi, jua likimwagika dirishani. Vipya jioni, kwa taa. Mtihani: imepata vyote! Mjuaji kaanza kusema kitu kuhusu mwanga. Nimeziba masikio, nikaimba. Mkuu atakuja kesho na kikombe chake kipya kabisa, aipime mwenyewe. Nimemsihi aje asubuhi, jua likiwa zuri.