Habari za Mto Uliozaa

Jumatatu, 12 Januari 2026

Nimemaliza *Mto Uliozaa*! Mwandishi ni mwanamke, na naapa amewahi kuchota maji. Mto unazaa kijito, kijito kinatoroka, binti mwoga anatumwa kukirudisha. Mwoga kama mimi! Anaweza kuongea na mto lakini hawezi kuongea na muuza duka. Hakuna mwanamume anayekuja kumwokoa. Anajiokoa mwenyewe, kisha anatafuta chai. Ukurasa wa mwisho anamezwa na mamba wa kioo. Halafu basi! Nilipiga kelele, Bibi akadhani nimeumwa na nge.

Sehemu ya pili iko maktaba ya Garsen. Nakala moja tu. Madamu Janet wa maktaba amesema Jumamosi ataitoa zawadi kwa atakayesimulia kitabu vizuri kuliko wote. Mbele za watu. Ole wangu.

Jumanne, 13 Januari

Nimefanya mazoezi mbele ya mbuzi. Wameondoka. Beryl, tuliyemaliza naye Kidato cha Nne, alikuwa akipita. Akauliza kama mbuzi wameomba sehemu ya pili. Yeye atasimulia *Jua la Kukodi*, lenye wanawake wanaokodi mwanga kwa saa. Nami nimekisoma. Mwanzo unawaka kweli, ila katikati mwandishi alichoka akaleta harusi. Beryl amependa harusi tu.

Alhamisi, 15 Januari

Mpango! Babu Guyo, mdogo wa marehemu babu yangu, kaja kutoka malishoni. Kwetu Waorma, mgeni akishapewa maziwa, watu hupeana habari: mvua, malisho, maji, wagonjwa. Anayetoa habari hakatizwi. Hata akiwa mtoto. Hata akiwa mimi! Zamu yangu ilipofika nikafumba macho, nikatoa kitabu chote. Ili kisikike cha kwetu, kijito nikakikimbizia nyika ya Asa. Maji matamu, majani hadi magotini. Sikutaja kwamba ni kitabu, pumzi zingekatika. Babu akaitikia tu, "Haye. Haye." Sijawahi kusikilizwa hivyo! Ghafla akainuka, maziwa hajamaliza, akaita pikipiki.

Nadhani aliguswa.

Jumamosi, 17 Januari

Maktaba ilijaa. Beryl akasimulia harusi, mpaka na vigelegele. Makofi! Nikaitwa mimi. Nikasimama. Nikasema, "Mto." Nikasema tena, "Mto." Na mara ya tatu, "Mto."

Mlango ukafunguka. Babu Guyo! Vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Alikuwa Asa! Ng'ombe hawahamishwi kabla mtu hajaenda kuona, na yeye kaenda mwenyewe. Akauliza yuko wapi Nuria, anayetangaza maji mahali ambapo hata kenge wamehama. Madamu Janet akamkaribisha kiti, akamuuliza habari gani hizo. Basi akanishtaki. Mto ulivyougua uchungu, kijito kilivyotoroka, binti alivyolia, hakuacha kitu. Watu walishika vifua. Kuhusu mamba wa kioo, alisema alimpuuza: huyu ni kijana, lazima azidishe. Lakini maji! Nani anadanganya juu ya maji?

Kisha akanigeukia, bado amekasirika, akauliza kama yule binti alitoka tumboni. Ukumbi mzima ukanikodolea macho. Nikanong'ona kwamba sijui, iko sehemu ya pili.

Madamu Janet akampa Babu kitabu. Beryl akapinga, mzee huyu hata hakuja kushindana! Makofi yakammeza.

Jumapili, 18 Januari

Babu hasomi. Amekuja na kitabu na hukumu: nitamsomea chote. Adhabu, ati! Niliuma midomo nisicheke.

Binti yu hai! Ndani ya mamba mna mji wa wanawake wanaofuga mawingu. Wanayakama alfajiri, na wingu kaidi hufungwa miguu. Nilisimama kusoma, nikaruka, nikakaa tena. Mwandishi huyu kamjua vipi ng'ombe mkaidi wa Bibi?

Babu akainua mkono. Akataka nimwambie kweli, hii ni hadithi au ni habari? Ikiwa hadithi, yeye ana mifugo ya kunywesha, atarudi siku nyingine. Ikiwa habari, atakaa mpaka mwisho, na hatakatiza.

Nikatazama kurasa zilizobaki. Nyingi! Tamu!

Nikasema ni habari.

Akasogeza kigoda. Akauliza mawingu hayo yanakamiwa upande gani.

Nikasema Nanighi, mbali kule juu ya mto.