Kiwele cha Nisla

Jumanne, 14 Mei
Kiwele cha ng'ombe wangu Nisla kimevimba. Maziwa yana mabonge. Mke wangu Tsiuri kasema asipopona kufikia Jumapili, anamwuza kwa mchinjaji. Nisla wangu! Anayenilamba sikio kila asubuhi! Jibini nimeiacha mezani.

Jumatano, 15 Mei
Nanuli, daktari wa mifugo, kapeleka maziwa maabara mjini Tbilisi. Watatafuta faji, virusi wanaokula bakteria, wa kummaliza huyu aliyemo kiweleni. Majibu Ijumaa. Ijumaa! Jirani Otia kachungulia juu ya ua, kaniambia mchinjaji ni binamu yake. Mshenzi. Lakini mimi si mjinga. Kwenye friji tunazo dawa za faji za kutibu kuhara, za wajukuu. Virusi ni virusi. Nimemnywesha Nisla zote.

Alhamisi, 16 Mei
Hakuna nafuu. Tsiuri kagundua friji tupu. Nanuli kacheka kwenye simu hadi nikaudhika, kisha kaeleza kwamba kila faji ana bakteria wake, wengine hawagusi. Virusi wanaochagua chakula! Wamedekezwa.

Ijumaa, 17 Mei
Dawa imefika, vichupa vitatu. Maji matupu! Hayanuki, hayachomi. Hao watapigana na nani? Nikamwaga nusu ya kichupa kimoja, nikajazia chacha yangu, pombe kali ya makapi ya zabibu, wapate nguvu. Kisha nikainua glasi, peke yangu zizini: kwa virusi, kwa Nisla, kwa marehemu wazazi, hata kwa Otia, maana moyo ulikuwa umelainika. Tsiuri akaingia nilipofika kwenye glasi ya Otia. Akamwita Nanuli, naye akanusa kichupa, akaniambia:

“Baba, hao walikuwa askari wangu. Pombe imewaua wote.”

Dawa ya kiweleni kaitia yeye mwenyewe, kichupa cha pili. Mimi nimefungiwa nje ya zizi langu.

Jumapili, 19 Mei
Uvimbe umenywea! Maziwa meupe! Tsiuri kasema Nisla habanduki hapa. Nimelia shingoni mwake, ng'ombe, si Tsiuri, nami sioni aibu. Nampenda.

Kichupa kimoja kimebaki. Nanuli kasema kikae kwenye ubaridi, kisiguswe. Lakini ugonjwa ukirudi, je? Nimekichukua Tsiuri akiwa kanisani. Nakichemsha vizuri sasa hivi, kisije kikaingiwa na vijidudu.