Kisu cha Baba Ndani ya Mkungu

Jumatatu, 21 Julai 2025
Scholastica karudi! Miaka mitatu ya kujifunza cherehani kule mjini Mugumu, na leo nimemkuta bombani, kavaa kitenge cha njano. Nikasahau hata salamu. Nikamwambia ndoo yake ni nzuri. Ni ndoo ya rangi, tena imepasuka mdomo. Akasema asante. Ile asante ninayo masikioni hadi sasa.

Jumanne, 22 Julai
Bahati! Baba yake, Mzee Nyangwine, anachinja fahali Jumamosi, shukrani ya nyumba mpya. Kwetu mwanaume huenda kwenye nyama na kisu chake. Asiye nacho hukatiwa kama mtoto. Mimi ninacho cha marehemu baba, mpini wa pembe. Nitamkatia mzee ubavu mbele ya wote, aone mkwe alivyo. Nimekinoa hadi ugali ukaungua.

Jumatano, 23 Julai
Balaa. Mtendaji amesoma agizo mkutanoni: kijijini petu ni marufuku kubeba panga, sime au kisu njiani na kwenye mikusanyiko, isipokuwa mtu aliye kazini. Mkulima, mchinjaji, mpishi. Na cha kazi kifungwe kitambaa, makali yasionekane. Nikanyoosha mkono kuuliza, kwani kula nyama si kazi? Wakacheka. Werema wa buchani amecheka kuliko wote. Yeye ndiye mchinjaji wa Jumamosi, kisu chake halali! Scholastica naye alicheka, huku akimtazama yeye.

Alhamisi, 24 Julai
Leo nimekuwa mkulima. Jembe begani, kisu kiunoni nimekifunga leso. Mgambo Heche akanisimamisha njia panda, akauliza, mura, we kijana, unalima nini kwa kisu? Nikasema navuna mtama. Akasema twende akauone. Tumezunguka saa nzima tukilitafuta shamba langu la mtama. Sina shamba la mtama. Ameapa akinikuta nacho tena kitabaki ofisini. Kisu cha baba!

Ijumaa, 25 Julai
Akili ni mali. Nani hukagua mkungu wa ndizi? Nimekichomeka kisu katikati ya vichane, nikaupeleka kwa Mzee Nyangwine kuwa zawadi ya shughuli. Heche mwenyewe alinitwisha! Scholastica aliupokea kwa mikono miwili. Vidole vyetu viligusana, au niliota. Kesho nawahi, nakichomoa kimya kimya.

Jumamosi, 26 Julai
Nimewahi saa nne. Mkungu haupo! Wanawake wamemenya tangu alfajiri. Scholastica alikuta kisu kwenye ndizi, akadhani ni cha mchinjaji, akampelekea. Werema kachuna fahali mzima kwa kisu cha baba yangu. Mzee Nyangwine akasifu makali, akauliza nani kakinoa. Nikafungua mdomo. Heche alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Nikaufunga. Werema akasema ni yeye, kisha akamkatia mzee ubavu. Mimi nimekatiwa nyama ya shingo, nikala na watoto. Scholastica alikuwa akimwagia Werema maji mikononi, polepole, na mimi nilitamani mikono ile iwe yangu.

Jumapili, 27 Julai
Amekuja! Scholastica, hadi mlangoni kwangu! Alipokuwa anakiosha kisu aliutambua mpini, anaukumbuka toka utotoni. Kaona anirudishie mwenyewe. Akanialika pia: Werema anatoa mahari mwisho wa Agosti. Nikasema hongera. Sijui nilipata wapi ile sauti.

Lakini kisu kilifungwa kwenye kipande cha kitenge. Cha njano! Kile kile cha bombani. Amesema ni agizo tu, Heche yuko njia panda, makali yasionekane. Sawa. Lakini mshonaji ana vitambaa vingapi? Mbona achague hicho? Nimekaa nacho puani mchana kutwa. Kinanuka sabuni na moshi.

Mahari ni baada ya wiki tano. Watachinja. Nyuma ya nyumba kuna mkungu mwingine, unakomaa vizuri. Nimeanza kunoa.