Viatu Ndani ya Pipa la Ianthe

Jumatatu, 4 Desemba

Nimeficha jambo tangu Oktoba, na daktari anasema moyo wangu hauna safari ndefu. Basi niandike. Ndani ya pipa la jirani yangu Ianthe, lililo baharini sasa hivi kutoka Brooklyn, mna viatu vyangu. Yeye hajui.

Ni vya kuzikiwa. Ngozi, rangi mbili, kahawia na nyeupe. Miaka arobaini nimefundisha Kilatini kwa soli zilizotoboka. Sitalala jenezani hivyo, wanafunzi wangu wakinichungulia! Mtandaoni vilikuwa dola ishirini na mbili. Nikajaza jina, mtaa, simu. Ndipo ukurasa wa mwisho ukataja nauli ya kuja Grenada: dola tisini na moja! Kwani vinakalia kiti cha dirishani? Mbona hawakusema tangu mlangoni?

Lakini Merlene, bintiye Ianthe aliye Brooklyn, hutuma pipa la zawadi kila Krismasi. Pipa halipimwi uzito. Lijae mchele, lijae hewa, nauli ni ile ile. Nikaagiza kwa jina la Ianthe, vipelekwe kwa Merlene, avipakie akidhani ni vya mama yake. Sijaiba. Nimetumia hewa. Likifika, nitamsaidia kulifungua, nivichomoe kimyakimya.

Alhamisi, 14 Desemba

Nilisahau forodha! Pipa hufunguliwa bandarini, mbele ya watu. Nilimsindikiza Ianthe, mkongojo mkononi. Ofisa akatoa mchele, sabuni, sidiria (watu wakaguna), kisha viatu vyangu. Vizuri mno! Akauliza ni vya nani. Ianthe, mjane wa miaka sabini na tisa, kiongozi wa rozari, akasema hajui. Ofisa akasoma karatasi ya agizo kwa sauti: jina lake, viatu vya kiume, namba kumi. Foleni ikalipuka. Mama mmoja akapaza sauti, "Bibi wee, mwonee huruma huyo mwenye miguu! Usimmalize!" Mimi nikachunguza dari.

Ijumaa, 15 Desemba

Mji wetu wote wa Gouyave unajua Ianthe ana bwana. Merlene amepiga simu mara nne, anataka jina. Ianthe alilia jikoni kwangu huku akinipakulia shelisheli la nazi, kama afanyavyo kila siku. Akaniuliza, mimi msomi, ni nani angemtendea hivi. Mdomo wangu ukafunguka. Nikaomba pilipili.

Jumapili, 17 Desemba

Cuthbert Lendore, mpiga kinanda wa kanisa, kasimama baada ya Misa. Eti uvumi ukome, bwana mwenyewe ni yeye. Mwongo! Tena mwongo muungwana, wa kuudhi kabisa. Ianthe alimtazama mpaka mishumaa ikaona haya. Kisha akampa viatu. Vimemkaa, shetani yule!

Jumanne, 19 Desemba

Ndoa ni Januari. Ianthe alikuja mwenyewe kuniambia. Kabla ya kuondoka akaniuliza ana kwa ana, "Mwalimu, sema kweli. Vilikuwa vyako?" Nikacheka kwa dharau. Nikamwambia sijawahi kununua kitu mtandaoni. Akatikisa kichwa. Akasema ni huzuni, maana kama mwenye viatu angejitokeza bandarini pale pale, Ianthe angemkubali yeye. Miaka sita alikuwa akimpikia mtu huyo, akingoja aseme neno.

Niungame lote, basi. Nilimpenda, na zile dola tisini na moja za nauli nilikuwa nazo. Leo nimeagiza jozi nyingine, ipitie pipa la padre, kwa jina lake.