Kioo Kinachotazama Mbinguni

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Uniwie radhi, shajara. Tangu Kwaresima sijaandika neno. Sababu ni ya heshima: sikuwa na adui wa maana. Sasa ninaye.

Evelyn, binti wa marehemu kaka yangu, anaolewa mwisho wa mwezi. Nani atampeleka kanisani kwa gari lake? Mwenye akili angejibu: baba yake mdogo, yaani mimi, Herman, mwalimu mstaafu. Mjomba wake, Amedeus, amejibu vingine. Ana gari jipya na haya haba. Clara, mama wa binti, atayakagua magari yote mawili Jumamosi. Hajasahau kwamba Krismasi nilirudi nyuma nikaingia katika banda lake la kuku.

Na sasa kioo cha pembeni cha gari langu, cha kulia, kimegoma. Nabonyeza swichi, hakisogei. Kimekaa kinatazama juu. Amedeus alipita, akainama, akachungulia. "Shemeji, hiki kinakuonyesha malaika gani?"

Nikaingia ndani kufungua kamusi. Nilikuwa natafuta neno sahihi. Bado nalitafuta.

Jumanne, 9 Septemba

Nimeamua kuitafuta hitilafu mwenyewe. Mtu aliyefundisha uchanganuzi wa sentensi hadi kustaafu hawezi kushindwa na waya.

Kioo cha kushoto kinasogea. Vyote viwili vinatumia fyuzi moja. Kwa hiyo fyuzi ni nzima. Hoja safi kabisa. Nikaibadilisha hata hivyo, kwa uhakika. Niliazima ya honi. Ile ya awali ikaangukia mchangani na haijaonekana. Sasa kioo hakisogei na honi hailii. Maendeleo.

Genoveva, mke wangu, amelalamika kwamba kisu chake cha mboga kinanuka gari. Nimemweleza kwamba nilikitumia kubandua kioo kwa uangalifu. Ameuliza kama huo ufa nao ni wa uangalifu. Ni ufa mdogo.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimemwita Mikdad, fundi umeme wa magari. Kioo cha pembeni anakiita "saidi mira". Nimevumilia.

Akachomoa plagi ya nyaya iliyo nyuma ya kioo, akaigusisha taa ya kupimia, akaniambia nibonyeze swichi. Taa ikawaka. Umeme unafika, akasema, ila hauvuki. Meno ya plagi yalikuwa ya kijani kama mlenda. Chumvi. Akayasugua, akairudisha, na kioo kikashuka kwa adabu kikatazama barabara. Fyuzi ya honi akasema ataileta siku nyingine.

Kisha akauliza: "Mzee, unaoshea maji gani?"

Nikasema maji safi. Genoveva akakohoa dirishani. "Mwambie ya kisima, Baba Wilbrodi. Yale ya chumvi, hata sabuni haitoi povu. Fundi, kila asubuhi anapigana na kunguru kwa ndoo."

Ni kweli, kuna kunguru anayekaa juu ya kioo kile akijitazama, na huacha kumbukumbu. Lakini gari halihitaji povu. Linahitaji mng'aro, na maji ya kisima hung'arisha. Mikdad akashauri maji ya bomba, au kitambaa chenye unyevu tu. Nilimshukuru kwa maoni yake.

Jumamosi, 13 Septemba

Asubuhi kunguru alikuwa ameacha kumbukumbu mpya. Bomba lilikuwa linatoa maji, lakini Genoveva alikuwa anafulia hapo. Kumwomba maji ya bomba baada ya kule kukohoa? Nisingempa furaha hiyo. Nikateka kisimani. Nikamwaga ndoo moja, nikapendezwa na mng'aro, nikamwaga ya pili.

Clara akafika na Evelyn na, bila kualikwa, Amedeus. Evelyn akaniamkia, kisha akaninong'oneza: "Baba mdogo, nataka uendeshe wewe. Baba ndiye aliyekufundisha." Nilijifanya vumbi limeniingia machoni.

Clara akakaa penye usukani, akabonyeza swichi. Kioo kikatetemeka, kikapanda taratibu, kikatulia kikitazama mbinguni.

"Malaika amerudi," akasema Amedeus.

Clara akasema kuku wengine anaweza kununua, ila binti anaye mmoja tu.

Jumapili, 14 Septemba

Evelyn amemlilia mama yake. Baada ya misa Clara akaniambia atakuja tena Jumatano, mara ya mwisho. Kioo kitazame nyuma na honi ilie; la sivyo, Amedeus.

Mikdad amekuja mchana, ameweka fyuzi ya honi, ameisugua plagi tena, ameondoka akitikisa kichwa. Agizo lake: kioo kisiguswe na maji hadi harusi ipite.

Nimelitafakari. Mikdad ni fundi mzuri, ila hafikiri hadi mwisho. Maji yalikuwapo siku zote; kilichozidi ni kunguru. Uchafu wake ndio unaopenya hadi kwenye plagi. Kwa hiyo kioo kinataka kuoshwa zaidi, wala si pungufu. Nimejaza pipa zima, la kisima.

Nitaandika Clara akishaamua. Kwa sasa niache, kunguru ameshatua.