Saa Kumi ya Kizungu

Naandika haya kwa aibu: leo nimeumbuka mbele ya Baba na walimu wenzake wanne.

Baba alifundisha jiografia Mombasa hadi akastaafu. Paris ameichora ubaoni miaka yote hiyo na hajawahi kuiona. Kwa hiyo nilipopata tiketi ya kwenda Guangzhou kununua mikoba, ikipitia Paris (ndiyo, ni kuzunguka, lakini ilikuwa rahisi) na kusubiri ndege masaa kumi na moja, nilimwahidi kwamba nitaingia mjini, nimpigie video, aione mitaa kwa macho yake.

Kumbe kutoka nje ya uwanja kunahitaji viza. Sina! Masaa yote kumi na moja nikahangaika kati ya kiti na choo kama kuku anayetaka kutaga. Moyo haukutulia, maana mzee alikuwa ameshaalika wenzake. Nikamwandikia kwamba ndege imeahirishwa, nitapiga kesho. (Uongo wa kwanza huwa mwepesi sana.)

Hiyo kesho ndiyo leo, nami niko Guangzhou. Nikamwuliza Otieno, wakala wetu wa mizigo pale mtaa wa Xiaobei, kama mji huu una mahali penye sura ya Ulaya. Akanileta Shamian, kisiwa chenye majumba ya kizungu ya zamani kando ya mto. Madirisha ya matao. Taa za chuma. Sanamu. Nikaona mambo si haya! Otieno sikumwambia kitu. Nilimwomba tu akanunue maji, kisha twende Shiling kwa laoban, yaani tajiri wa mikoba.

Nikapiga. Sebule nzima ikatokea kwenye simu, Baba katikati, amevaa koti. Joto lote lile la Mombasa, koti! Roho iliniuma, lakini nilishaanza. Nikawazungusha mitaani. Mwalimu mmoja akauliza mnara uko wapi. Nikasema uko nyuma ya majumba, ukungu umeuziba. Natembea mbiombio, nakwepa kila bango la Kichina, jasho linatiririka.

Hapo Baba akauliza, "Mama, huko ni saa ngapi?"

Nikatazama simu. "Saa kumi, Baba."

Kwao ilikuwa saa tano asubuhi. Baba amefundisha watoto wa watu kwamba Paris iko magharibi yetu na saa zake ziko nyuma. (Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilipata D.)

"Kumi ya kizungu," nikadakia. "Yaani saa nne asubuhi."

Akahesabu kwa vidole. Akasema sahihi kabisa. Wenzake wakapiga makofi, nami nikashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu juzi.

Ndipo Otieno akatokea nyuma yangu na chupa mbili za maji, na sauti yake ile ya mnadani.

"Sista, ni saa kumi jioni na laoban wa Shiling hatatungoja."

Baba akasogeza uso karibu na simu. "Na hiyo jioni," akauliza taratibu, "nayo ni ya kizungu?"

Sebule ikalipuka. Mwalimu mmoja alicheka hadi akashuka kwenye kiti. Nikakiri yote palepale kando ya barabara, viza, uwanja, uongo, machozi yananilengalenga. Baba peke yake hakucheka. Alivua koti, akalikunja, akaliweka magotini.

"Kwa hiyo uko Guangzhou."

"Ndiyo, Baba."

"Basi mto huo ni Pearl. Nao nimeufundisha na sijauona. Geuza simu, mama. Polepole."

Nusu saa nzima nimemwonyesha maji, meli za mizigo, hadi wazee wanaocheza karata. Shiling hatukuwahi. Otieno amenuna.

Naombeni msicheke. Walimu wanne wa Mombasa wameshacheka kwa niaba yenu.