Kuku wa Mchungaji na Mbwa wa Baba Moraa

Leo nimepata aibu ya kutosha ukoo mzima, na ingebaki nyingine ya kugawia majirani.

Nimesubiri jua lizame ndipo nishike simu, maana Sabato ya leo nimeshaiharibu vya kutosha. Kaeni niwaambie. Aliye na chai mdomoni ameze kwanza.

Nina jirani anaitwa Baba Moraa. Ni mzee mpole, mgane, Mkatoliki wa kuamka mapema, na shamba lake la majani chai limepakana na langu. Hana neno baya na mtu. Shida yake ni moja tu, ina miguu minne, na inaitwa Kanali.

Kanali ni mbwa. Hafungwi. Baba Moraa anasema mbwa alipewa miguu ili atembee. Sawa, atembee! Lakini kwa nini kila safari yake iishie kwangu? Amenilia mayai. Amenilia sabuni, kipande kizima, akatoa povu siku mbili. Amebeba gambuti yangu moja akaenda nayo asikojulikana, na mpaka leo nachuma majani nikiwa na mguu mmoja mweusi na mwingine wa kijani.

Alhamisi nikachoka. Nikampeleka Baba Moraa kwa mzee wa kijiji. Nikaeleza, nikalia. (Machozi kidogo tu, ya kusaidia kesi.) Mzee wa kijiji akaamua kwamba mchana mbwa afungwe. Baba Moraa hakubisha hata kidogo. Alienda papo hapo akamfunga. Na nini? Na kamba ya mgomba! Lile ganda lililokauka, lile tunalofungia mboga tukienda sokoni.

Nikamwuliza, "Baba Moraa, kweli hiyo itamshika?"

"Mama Bosibori, Kanali si mkorofi. Akishajua amefungwa, atatulia."

Haya. Sasa mnielewe kuhusu Sabato ya leo. Kanisani kwetu mgeni akija, akina mama hupangiwa nyumba ya kumlisha. Mimi sijapangiwa tangu mwaka juzi, siku niliyompakulia mchungaji mmoja ugali akaukata, katikati akakuta unga mkavu. Tangu hapo Mama Kemunto, kiongozi wa mashemasi wetu akina mama, amekuwa akiniweka kwenye kuosha vikombe. Vikombe! Mimi, mama mzima, mwenye binti wa sekondari!

Nimeomba, nimebembeleza, nimenyenyekea. Wiki iliyopita Mama Kemunto akasema, "Haya. Mchungaji anatoka Nyamira, atakula kwako. Lakini Mama Bosibori..." Hakumaliza. Hakuwa na haja ya kumaliza.

Kwa hivyo jana, siku ya maandalizi, nilipika kama mtu anayefanya mtihani. Nilichinja jogoo wangu mwenyewe. Nikapika wali, nikapika chinsaga, ile mboga yetu chungu, nikailainisha kwa maziwa. Kanisani kwetu Sabato hatuwashi moto wala hatununui kitu. Hata kupasha chakula ni mjadala, na ukiuliza sana Mama Kemunto anakutazama mpaka unasahau swali. Chakula kinaingia kwenye hotipoti Ijumaa kabla jua halijazama, na kinaliwa kesho yake kikiwa vuguvugu. Ndivyo tulivyozoea.

Hotipoti zangu tatu nikaziacha jiko la nje. Kwa nini si ndani ya nyumba? Kwa sababu ndani nilikuwa nimepiga deki na kutandika vitambaa, na sikutaka harufu ya kitunguu imlaki mchungaji mlangoni. (Ndiyo. Maringo. Nayajua.)

Asubuhi nikavaa nguo nyeupe, viatu vyenye kisigino, nikaenda kanisani nikakaa safu ya pili. Mahubiri yalikuwa mazuri, nasikia. Mimi nilikuwa nahesabu sahani kichwani. Kabla ya wimbo wa kufunga nikatoka polepole kwa mlango wa nyuma ili nikaandae meza. Mama Kemunto akaniona, akatikisa kichwa kidogo, kwa heshima. Jamani, nilitembea nikiwa juu juu!

Nikafika nyumbani. Mlango wa jiko uko wazi.

Kanali amelala chali katikati ya jiko. Tumbo liko juu, limevimba, ulimi nje. Shingoni ana kipande cha kamba ya mgomba. Hotipoti ya kuku imelala ubavu, kifuniko kimefika kwenye kuni. Wali hajagusa. Chinsaga hajagusa. (Mbwa wa Kisii asiyekula chinsaga, mmeona wapi?) Lakini kuku! Kuku alibaki mfupa mmoja, na huo mfupa Kanali alikuwa ameuwekea mguu juu, asije akaibiwa.

Akaniona. Akapiga mkia chini mara mbili. Ati karibu.

Nilishika mwiko. Sikumbuki kuushika, lakini nilijikuta nao. Kanali akaruka, akatoka, mimi nyuma. Tukazunguka jiko, tukaingia kwenye majani chai. Yeye anapita chini, mimi napita juu na kisigino, nguo nyeupe inashikwa na kila kichaka. Na yule mbwa alidhani tunacheza! Akifika mbali anasimama, ananingoja, anatingisha mkia, nikimkaribia anaruka tena. Nikasikia mtu anapiga kelele, "Nitakuua leo! Nitakuua Sabato hii hii!" Kumbe ni mimi.

Hapo upepo ukaniletea wimbo wa kufunga kutoka kanisani. Ubeti wa kwanza.

Wimbo una beti nne. Halafu maombi. Halafu salamu, maana kwetu mkitoka ibadani mnapanga mstari nje, kila anayetoka anawashika mikono wote waliotangulia, kisha anajiunga mwishoni mwa mstari. Wakimaliza salamu, mchungaji anakuja kwangu. Na siwezi kuchinja, siwezi kuwasha moto, siwezi kukimbia dukani. Nitampa nini? Wali na machozi?

Kanali akaingia kwao. Nami nikaingia, mwiko juu.

Baba Moraa alikuwa jikoni kwake, amekaa kwenye kigoda mbele ya moto. "Ee, Mama Bosibori! Sabato njema!"

"Sabato njema gani! Baba Moraa, mbwa wako! Mzee wa kijiji alisema nini? Nilikuuliza hiyo kamba itamshika, nikakuuliza! Mbwa wako amekula ku..."

Pua ilinifunga mdomo. Juu ya mafiga pale palikuwa na sufuria, na ndani ya sufuria palikuwa na kuku.

Baba Moraa akanitazama. Akatazama sufuria. Akanitazama tena. "Mama, hasira yako ni kubwa, lakini mbona unasema na kuku wangu?"

Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Mchungaji, jogoo, Mama Kemunto, vikombe. Yule mzee akashika kichwa. "Wuui! Kanali! Amekula kuku wa mtumishi?" Akainuka. "Chukua huyu. Yote. Dada yangu alikuwa aje kula, lakini nitampa ndizi. Ngoja tu dakika kumi, bado sija..."

"Sina dakika kumi! Wamefika kwenye salamu!"

Nikashika sufuria kwa ncha za nguo nyeupe nikaondoka nayo. Nikamsikia nyuma, "Mama! Mama Bosibori! Simama!" Nikajua amebadilisha mawazo. Nikaongeza mwendo. "Mama!" Nikakimbia na sufuria ya moto katikati ya majani chai, na Kanali pembeni yangu amechangamka, masikio juu, tukienda pamoja kama watu waliopatana.

Nyumbani nikaosha ile hotipoti (mara tatu, kwa sabuni, naapa), nikamimina kuku, nikafunika. Nikafuta masizi kwenye nguo, yakaenea. Nikavaa kanga juu yake. Nikasikia, "Hodi wenye nyumba!"

Walikuwa watano, na Mama Kemunto mbele. Tukakaa. Mchungaji akaomba. Akamshukuru Mungu kwa ajili ya mama huyu aliyeitunza siku ya maandalizi, akaacha shughuli zote ili Sabato imkute amepumzika. Amina yangu ndiyo ilitoka juu kuliko zote.

Halafu akafungua hotipoti.

Mvuke ulitoka pale ukamfunika uso. Miwani ikawa nyeupe kabisa. Mchuzi ulikuwa bado unatokota, watu wangu. Nilisahau kwamba chakula cha jana hakitokoti!

"Mama," mchungaji akasema bila kuona mtu, "huyu ni wa jana?"

Ulimi ukanitangulia. "Wa jana, Mchungaji."

"Tangu jua kuzama?"

"Hotipoti nzuri, Mchungaji."

Nimedanganya. Siku ya Sabato. Mchungaji, baada ya maombi. Nilitarajia ukuta uniangukie, haukuanguka, na hiyo ikanipa moyo mbaya.

Mchungaji akaifuta miwani, akaanza kuizungusha hotipoti akitafuta maandishi chini. "Mama yangu kule nyumbani ana tatu, na uji haufiki saa nne ukiwa moto. Hii umeitoa wapi?"

"Ni... ya zawadi."

Mama Kemunto naye akaipapasa ubavuni. Akaondoa mkono haraka, akapuliza vidole. "Inachoma," akasema. Alisema polepole, macho kwangu. Nikampakulia wali mwingi ili afanye kazi nyingine.

Wakaanza kula, nikangoja sifa. Mchungaji akatafuna. Akaacha. Akatafuna tena, akitazama dari kama anayekumbuka kitu. Mzee wa kanisa akanywa maji. Mtu wa tatu akanywa maji. Nikaonja wangu.

Chumvi hakuna. Si kidogo, hakuna! Nyama ilikuwa kama imeoshwa tu ikaletwa mezani.

"Chakula cha kiafya," mchungaji akasema. "Kiafya kabisa." Mungu ambariki mtu yule.

Nikaanza kuinuka nikatafute chumvi, na hapo ndipo mlangoni pakawa na kivuli.

"Hodi hapa."

Baba Moraa. Kofia iko kwapani, na mikono miwili imeshika kisosi, na kisosi kimejaa chumvi. Nyuma yake Kanali, safari hii amefungwa kamba ya ng'ombe. Nilimfanyia mzee ishara zote ninazozijua. Nilikunja uso, nilitikisa kichwa, nilikohoa. Akaniambia pole kwa kikohozi.

"Karibu, mogaka," mchungaji akasema, kwa ile heshima tunayowapa wazee.

"Sikai, mtumishi, sitaki kuwasumbua. Mama Bosibori, nimekuita sana, ukakimbia. Huyu kuku ulipomtoa motoni sikuwa nimemtia chumvi."

Jamani.

Mama Kemunto akaweka kijiko chini. "Motoni lini?"

Na Baba Moraa, mtu ambaye hajui uongo unashikwa wapi, akageuka akalitazama jua, akapiga hesabu yake. "Sasa hivi tu. Mlikuwa kwenye salamu."

Kanali akapenya katikati ya miguu ya watu, akaja akakalia mguu wangu. Akaniegemea. Akapumua kwa raha ya mtu aliyeshiba, na harufu ya jogoo wangu ikatoka.

Mchungaji akaiinua ile hotipoti, akaitazama kwa huzuni. "Kwa hivyo hii..."

"Ni ya kawaida, Mchungaji."

Nikaungama yote pale pale, na machozi ya leo hayakuwa ya kusaidia kesi. Nikasema jogoo alikuwepo, nilimpika jana, nilimpika vizuri, ameliwa. Nikamwonyesha aliyemla. Nikasema nilidanganya kwa sababu nilitaka, mara moja tu, mgeni aondoke kwangu akiwa amekula vizuri. Nilipoinua uso nikaona mabega ya mchungaji yanatetemeka. Nikadhani analia nami. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akavua tai.

"Mogaka, kaa," akamwambia Baba Moraa, machozi yakimtoka. "Lete hiyo chumvi. Mpishi hawezi kusimama mlangoni."

Akavutiwa kiti. Kiti changu. Chumvi ikazunguka meza, na kuku akawa mtamu. Mtamu wa kuudhi! Wakamwuliza Baba Moraa alitia nini, akaeleza nyanya, akaeleza kitunguu, akaeleza moto mdogo. Mzee wa kanisa aliomba mchuzi tena. Mama Kemunto, ambaye miaka yote sijawahi kumwona akiongeza chakula nyumbani kwa mtu, aliongeza. Mimi nilikula nimesimama.

Wakati wa kuondoka Mama Kemunto alinishika mkono mlangoni, sauti laini kabisa. Nikajua amenisamehe, moyo ukaruka.

"Mama Bosibori, nimeongea na Baba Moraa. Mgeni wa mwezi ujao atakula kwake. Amekubali kupika Ijumaa, jua likiwa juu."

"Kwa Baba Moraa? Mkatoliki?"

"Anapika. Na wewe hatukukuacha, tumekupa kazi."

"Kazi gani, Mama Kemunto?"

"Utamshikia mbwa."

Nimesema amina. Ningesema nini?